Jina la Cathal

Bi. Hilary Prendergast alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Dympna Coyle alimwekea chai na mkate wa zabibu. Bi. Prendergast aliusifu sana ule mkate, lakini hakuugusa. Jikoni mlinuka sabuni ya kufulia. Dympna alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, na sabuni ya dobi ya hoteli haikumtoka hata akioga vipi.

"Kamati nzima inawashukuru, Bibi Coyle," akasema mgeni. "Watu wakisikia sauti ya kijana mwenyewe, mioyo yao hufunguka."

"Na pochi zao," akasema Nuala, aliyekuwa anaosha vyombo.

"Nuala!" Dympna akamkemea.

"Mwache, mwache. Anasema kweli." Bi. Prendergast alicheka kidogo. "Na pochi zao, mpenzi. Shughuli yenyewe ni hiyo."

Shughuli yenyewe ilikuwa siku ya gofu ya hisani. Kila mwaka mwezi wa Juni, Klabu ya Gofu ya Ballintarra ilipokea timu za watu wanne wanne: wenye maduka, mawakili, madaktari wa meno, na wenyeji waliokuwa wamerudi likizo kutoka Uingereza. Walilipa kiingilio, wakacheza mchana kutwa, wakala chakula cha jioni na kupandishiana bei mnadani, na fedha zote zikaenda Kituo cha Vijana cha Mtaa wa Kinu. Nuala alikuwa na miaka kumi na sita na alishinda kituoni karibu kila jioni. Huko alifanyia hesabu zake, alijifunza kupiga gitaa vibaya, na alikula chakula cha moto siku ambazo mama yake alifanya zamu mbili. Mwaka huu kamati ilimchagua yeye kuzungumza ukumbini.

"Nimekuandikia mistari michache ya kuanzia," akasema Bi. Prendergast. Akatoa simu, akavaa miwani. "Sikilizeni. 'Nina kaka. Madawa ya kulevya yalimchukua, kisha mitaa ya Uingereza ikammeza. Kaka yangu alipotea, na hatujui kama yu hai…'"

"Ishia hapo," akasema Dympna.

Nuala alifunga bomba la maji.

"Nani aliyekupa habari za mwanangu?"

"Bibi Coyle, mji wetu ni mdogo."

"Mwanangu hajapotea. Hayupo tu."

"Nakuelewa kabisa. Ndiyo maana jina hatutalitaja. Tutasema 'kaka' basi, kuilinda heshima ya familia."

Dympna alitazama kile kipande cha mkate kisichoguswa. Alitaka kusema mengi, lakini yule mwanamke alikuwa amevaa viatu vya ngozi laini na alikuwa mgeni wake. Akasema tu, "Binti yangu atazungumzia kituo. Gitaa, hesabu, chakula. Habari za kaka yake hapana."

Bi. Prendergast alivua miwani polepole. "Bila shaka. Ni uamuzi wenu." Aliposimama kuaga, alimshika Dympna mkono kwa mikono yake yote miwili, kama watu wafanyavyo msibani.

* * *

Katika nyumba ile, hakuna aliyewahi kukataza jina la Cathal. Liliacha tu kutajwa. Baba yao alikufa Cathal akiwa kijana, mwaka ule ule kituo kilipofunga milango kwa kukosa fedha, na kijana akapata marafiki wengine, kule nyuma ya maghala ya bandarini. Vidonge vikamfikisha kwenye dirisha la jirani yao, Bi. Hanratty, na dirisha likamfikisha jela. Alipotoka alikaa nyumbani kwa muda, lakini kila alipoingia dukani mazungumzo yalikatika. Asubuhi moja akapanda meli kwenda Uingereza. Namba yake ya simu ikaacha kuita, na mwaka wa tatu ulikuwa unakwenda sasa.

Mama mtu hakulia mbele ya watu. Lakini kila mara alitandua shuka za kitanda cha Cathal, akazifua, akazipiga pasi, akazitandika upya, ingawa hakuna aliyezilalia. Nuala alikuwa akimwona.

Kesho yake Fergus, msimamizi wa kituo, alimngojea Dympna kwenye mlango wa nyuma wa hoteli. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sweta lililotoboka kiwiko, na leo hakujua pa kuweka mikono yake.

"Hilary amenieleza," akasema. "Nilimwambia habari za Cathal siyo za kuuza tiketi. Naapa nilimwambia."

"Ila?"

"Ila mambo ni mabaya, Dympna. Serikali imetukatia ruzuku. Tusipopata kitu cha maana kwenye gofu, itabidi tufunge saa kumi na moja jioni. Unajua watoto wetu wanatuhitaji saa ngapi."

"Kwa hiyo nimtoe mwanangu."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema, lakini umetembea mpaka hapa kuja kutosema."

Fergus aliinamisha kichwa. Dympna akamwonea huruma. Mtu huyu ndiye aliyempeleka Nuala hospitali usiku wa pumu, na hakuwahi kulikumbusha. "Nitakuja kusaidia siku hiyo," akasema kwa sauti ya chini. "Supu, sandwichi, chochote. Lakini hilo jingine hapana."

Jioni ile moto wa ugomvi uliwaka ndani.

"Na mimi ninataka nini, umeniuliza?" Nuala alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Ni kaka yangu pia!"

"Watu wale watakuwa wanatafuna kuku, Nuala. Unataka mwanangu awe mchuzi wao?"

"Nataka awe kitu! Hata mchuzi! Humu ndani tunamtaja paka wa Bi. Hanratty kuliko tunavyomtaja Cathal. Unazifua shuka zake, Mama, halafu jina lake hulitaji. Ningekuwa mgeni ningedhani tuna mzimu."

Dympna alishika ukingo wa meza. Alitaka kueleza kwamba jina lile likimfika mdomoni hushuka tena kifuani na kukaa huko siku nzima, na kwamba mtu hawezi kukunja shuka za hoteli nzima na kitu kama hicho kifuani. Lakini hakuwa na maneno hayo. "Niahidi," akasema. "Utazungumzia kituo tu."

Nuala alishuka ngazi mbili. "Sawa. Nakuahidi."

* * *

Siku ya gofu yalinyesha manyunyu yasiyokatika, yale ambayo watu wa Ballintarra huyahesabu kuwa hali nzuri ya hewa. Dympna aliwekwa kwenye hema dogo karibu na shimo la tisa, na sufuria kubwa la supu na milima ya sandwichi. Timu zilifika moja baada ya nyingine, zikiburuta mikokoteni ya fimbo, viatu vikizama kwenye majani yaliyolowa. Hapa wakala, wakacheka, wakatupiana maneno.

"Mpe huyu bakuli mbili, mama," akasema mwanamume mnene mwenye kofia ya miraba. Huyu alikuwa Wakili Tierney, ambaye jioni angekuwa mshereheshaji. "Shemeji yangu ametoka Coventry kuja kutuaibisha. Mipira yake yote imelala mtoni."

Shemeji mtu, Lorcan Duffy, alikuwa na mikono mipana iliyokwaruzika na viatu vipya vilivyomfanya achechemee. "Mimi ni fundi wa mapaa," akamwambia Dympna, kama anayetoa udhuru. "Kitu kikienda juu nakifuata. Kikienda chini kinanishinda."

Dympna alicheka, jambo ambalo hakutarajia. Akamjazia bakuli.

"Mna nini humu? Tamu."

"Karoti. Na kungoja sana."

"Shughuli ya leo itachangisha vizuri," Tierney alikuwa anawaambia wenzake, mdomo umejaa. "Hilary amempata msichana mwenye kisa. Bila kisa, watu wanainunua ile safari ya Ureno mnadani kwa bei ya kutupa. Mkiona binti anatetemeka kwenye kipaza sauti, kohoeni na mfungue pochi."

Wakacheka. Dympna aliendelea kuchota, na supu kidogo ikamwagika kwenye kidole chake. Hakuna aliyejua yeye ni nani. Lorcan Duffy peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anafungua kamba za kiatu.

Jioni ukumbi wa klabu ulipambwa kwa vitambaa vyeupe. Familia za kituo ziliwekwa meza ya mwisho, kando ya mlango wa jikoni, ambao kila ulipofunguka uliwapulizia mvuke. Nuala alipewa beji ya kubandika kifuani. Wengine wote beji zao zilikuwa na majina. Yake iliandikwa KIJANA WA KITUO.

"Labda wameishiwa wino," akasema Nuala, akaigeuza upande wa nyuma.

Dympna alivaa gauni la buluu alilonunua kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa dada yake. Alijiona amependeza mpaka pale mwanamke wa meza ya jirani alipomgusa bega. "Samahani, mpenzi, tunaweza kuongezewa mchuzi wa nyama?" Mwanamke yule alimkumbuka kutoka kwenye hema la supu, akamdhani mhudumu. Dympna alifungua kinywa kueleza, kisha akaona kueleza kutachukua muda mrefu kuliko mchuzi wenyewe. Akainuka, akaingia jikoni, akauleta.

Nuala aliyaona yote hayo. Shingo yake ilipanda wekundu.

* * *

Baada ya kuku na kabla ya mnada, Wakili Tierney aligonga glasi kwa kijiko. Alitania timu iliyoshika mkia, akamtania padri, akamtania shemeji yake na mipira yake ya mtoni. Kisha akabadili sauti, ikawa ya kanisani.

"Mabibi na mabwana, sasa tukumbuke kwa nini tumelowa leo. Binti mtakayemsikia anatoka katika nyumba iliyoguswa na giza. Kaka yake alimezwa na madawa, akapotelea mitaani Uingereza. Mpaka leo familia haijui kama yu hai au amekufa. Yeye ameokolewa na kituo hiki. Mpigieni makofi, jamani… Nuala!"

Makofi yakapigwa. Dympna hakuweza kuinua macho. Alihisi meza zote zimegeuka, na yule mwanamke wa mchuzi ametia mkono mdomoni. Chini ya meza alitafuta mkono wa binti yake, lakini Nuala alikuwa ameshainuka.

Alifika mbele kwa viatu vya kuazima vilivyogonga sakafu. Kipaza sauti kilikuwa juu mno. Akahangaika nacho, Tierney akaja kumsaidia, naye akamwambia, "Nimeweza." Kikalia kwa kelele na watu wakaziba masikio. Kisha kikatulia.

"Nilikuwa nimemwahidi mama yangu kuzungumzia kituo peke yake," akasema. "Nilikuwa na habari ya gitaa. Ilikuwa inachekesha." Akamtafuta mama yake kwa macho. "Lakini Bwana Tierney ameshasema, kwa hiyo ahadi imevunjwa, na siyo na mimi. Samahani, Mama."

Dympna akainua kichwa.

"Kaka yangu ana jina. Anaitwa Cathal. Cathal Coyle, wa Mtaa wa Kinu. Kama mnataka kumlilia, basi mjue ni nani mnamlilia.

"Anaogopa ng'ombe. Yeye ni mkubwa kama mlango, lakini ng'ombe akimtazama anageuza njia. Anamwigiza Padri Moran vizuri kuliko Padri Moran mwenyewe. Samahani, Padri. Baba alipokufa, mama alikuwa anaondoka kazini bado giza, kwa hiyo Cathal ndiye aliyenisuka nywele za shule. Alisuka vibaya sana. Nilionekana kama kamba ya meli. Na alinifundisha baiskeli hapo nje, kwenye maegesho yenu ya magari, kwa sababu lami yenu ndiyo laini kuliko zote mjini. Mlinzi wenu alitufukuza kila siku, mwisho akachoka, akaja kunishikia kiti."

Watu walicheka, kwanza kwa woga, kisha kweli.

"Ni kweli aliiba. Aliingia nyumba ya Bi. Hanratty, akafungwa. Sifichi. Lakini simjui mtu anayeitwa 'kaka aliyepotea'. Namjua Cathal. Na kituo kilikuwa kimefungwa wakati yeye anakihitaji, na mimi nilikikuta wazi. Tofauti yangu na yake ni hiyo tu. Mimi siyo mwema kumshinda." Sauti ilitetemeka mara moja, akaishika. "Kwa hiyo msiache kifungwe saa kumi na moja. Ni hayo tu. Asanteni kwa kuku."

Makofi hayakujua yaanzie wapi. Meza moja ilisimama, nyingine ikabaki imekaa. Padri Moran alikuwa anajifuta macho na kucheka. Bi. Prendergast alitabasamu kwa midomo iliyofungwa, akamwashiria Tierney aanze mnada haraka, naye Tierney, uso mwekundu, akaitaja safari ya Ureno.

Dympna alitoka kwa mlango wa jikoni.

* * *

Nje manyunyu yalikuwa yamekatika na mbingu bado ilikuwa na mwanga, kama kawaida ya Juni. Alisimama kati ya magari, akipumua kwa kinywa. Alisubiri hasira ije, lakini haikuja. Kilichokuja ni lile jina, lililosemwa kwa sauti kubwa katika chumba cha watu wengi, na mbingu haikuanguka. Cathal Coyle, wa Mtaa wa Kinu. Akalisema mwenyewe, polepole, kwa kioo cha gari la mtu.

Nuala alimfuata nje, viatu mkononi. "Umekasirika?"

"Ulisahau kuwaambia anakoroma."

Wakashikana pale pale, Nuala miguu mitupu juu ya lami yenye maji.

"Bibi Coyle?"

Alikuwa yule shemeji wa Coventry, Lorcan Duffy, anachechemea kuelekea kwao, kofia mkononi. Alionekana kama mtu aliyebeba kitu kizito na hana pa kukitua.

"Yule kijana," akasema. "Umri wake miaka ishirini na tatu hivi? Mkubwa kama mlango, kama binti alivyosema?"

Dympna aliitikia kwa kichwa. Alimtazama kinywa.

"Nina kijana kazini kwangu. Sote tunamwita Charlie, maana Waingereza jina lake linawashinda. Lakini namlipa mwenyewe, kwa hiyo jina lake nalijua. Cathal Coyle. Aliniambia ni mtu wa Ballintarra. Sikujua kama kuna watu wanamtafuta."

"Yu hai?" Dympna aliuliza, na sauti ilitoka ndogo kama ya mtoto.

"Yu hai, mama. Ijumaa nimemwacha juu ya paa la shule, analalamikia mvua."

Dympna alitafuta pa kushika. Nuala akamshika upande mmoja, Duffy upande mwingine, wakamkalisha kwenye ukuta mfupi wa maua.

"Anatumia…?" Hakuweza kumaliza.

"Hapana. Muda mrefu sasa. Ana mkutano wake wa Jumatano na wenzake walioacha, haukosi. Hata nikimpa kazi ya ziada siku hiyo ananikatalia."

"Nipe namba yake."

Duffy aliizungusha kofia mikononi. "Hiyo siwezi."

"Mimi ni mama yake!"

"Najua. Lakini aliponijia kuomba kazi aliniomba jambo moja tu, nisimtaje kwa mtu wa nyumbani. Tayari nimeshavunja nusu. Nusu ya pili ni ya kwake."

Dympna alimshika mkono wa koti, akakikunja kitambaa kwenye ngumi. "Bwana Duffy, nitakupigia magoti hapa hapa. Sijali nani anatazama."

"Usinifanyie hivyo, mama. Tafadhali." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nipe namba yako wewe. Jumatatu nitamkabidhi mkononi, na nitamweleza yote niliyoyasikia humo ndani. Zaidi ya hapo siwezi. Nikimlazimisha ataondoka, na safari hii hata mimi sitajua alipo."

Dympna alijua anasema kweli. Akaanza kumtajia namba, lakini katikati tarakimu zikamchanganyika, ingawa ni namba aliyokuwa nayo miaka mingi. Nuala akaimalizia.

Walipomaliza, Dympna hakumwachia lile koti. "Amenenepa?"

"Kidogo. Anakula kama trekta."

"Ana koti la maana? Huko juu ya mapaa kuna upepo."

"Analo. La manjano."

"La manjano," akarudia Dympna. Akalitazama lile koti kichwani mwake. "Nieleze tena. Analalamikaje kuhusu mvua?"

Na Lorcan Duffy, aliyekuwa na meza, shemeji na mnada vinavyomngoja, akakaa kando yake kwenye ukuta wenye maji na kumweleza tena.

* * *

Fedha zilizopatikana zilitosha kituo kubaki wazi usiku mpaka mwisho wa majira ya baridi. Fergus alikuja kuwaambia, akakumbatia kila mtu mpaka na mlango. Bi. Prendergast alituma ua ndani ya chungu, bila neno lolote juu ya hotuba.

Jumatatu ilifika. Dobini simu zilikatazwa, lakini Dympna aliiweka yake ndani ya aproni, na kila mashine ilipotikisika alidhani ni yenyewe. Usiku haikulia. Jumanne ililia, ikawa kliniki ya meno. Siku nyingine akawa mtu anayeuza bima, na Dympna alimwitikia kwa sauti iliyomfanya mtu yule aombe radhi kabla ya kueleza anauza nini. Wiki ikaisha, na nyingine.

"Labda hataki," Nuala alisema wakiwa mezani.

"Labda."

"Unaweza kuvumilia, kama hataki?"

Dympna aliendelea kumenya viazi. "Zamani nilikuwa namwona Cathal kwenye baridi, amelala nje. Kila usiku, nje. Sasa ninamwona na koti la manjano. Hata asipopiga, hilo halirudi nyuma." Akakiweka kisu chini. "Lakini apige. Mungu wangu, apige tu."

Walizoea kumtaja. Kumbe kila mmoja alikuwa na Cathal wake aliyemficha. Nuala hakujua kwamba kaka yake alizaliwa kwenye gari la kubebea maziwa. Dympna hakujua habari za mlinzi na baiskeli. Siku moja walicheka mpaka Bi. Hanratty akagonga ukuta, na kisha, kupitia ukutani, akauliza wanacheka nini. Dympna akamwambia ni habari za Cathal. Upande wa pili kiti kilisogezwa. Halafu yule bibi akasema, "Mwambie akija anitengenezee lile dirisha. Halifungi tangu siku ile."

Simu ililia Jumamosi mchana, Dympna akiwa anapiga pasi. Namba haikuwa ya nchi ile. Aliiweka pasi pembeni, akakausha mikono ambayo haikuwa na maji.

"Haloo."

Kwanza zilisikika pumzi tu, na mahali fulani nyuma yake gari likipita.

"Mama?"

Alikuwa amejiandalia maneno. Kwa wiki zile zote alikuwa ameyapanga na kuyapangua, juu ya kusamehe, juu ya nyumba, juu ya mlango. Hakuna hata moja lililokuja.

"Umekula?" akauliza.

Kisha sauti nzito kuliko aliyoikumbuka ikasema, "Ndiyo kwanza nafungua maharage."

"Maharage peke yake?"

"Na mkate."

"Ni vizuri. Na mkate ni vizuri."

"Mama, siji. Siji kwa sasa. Sitaki udhani…"

"Sikukuuliza kuja. Nimekuuliza umekula."

Alimsikia akicheka au akilia, hakuweza kutofautisha. Nuala alikuwa ametokea kwenye ngazi, mikono yote mdomoni, machozi yanamtiririka, na Dympna akamwashiria asogee, akaielekeza simu katikati ya masikio yao mawili.

"Duffy kaniambia Nuala kalitaja jina langu," akasema Cathal. "Mbele ya watu wote wale."

"Lote," akasema Nuala.

"Na ng'ombe?"

"Na ng'ombe."

"Mpuuzi wewe." Kisha akanyamaza, na kimya kikawa kirefu, na Dympna akaanza kuogopa kwamba kitaishia kwenye ule mlio wa simu iliyokatwa alioujua vizuri sana.

"Sijui niseme nini, Mama," akasema Cathal. "Nilidhani nitajua."

"Sema chochote. Sitaki kitu cha maana. Nataka kukusikia tu. Hata hilo kopo lako, nisomee lilivyoandikwa."

"Kopo?"

"Nisomee."

Wakasikia akilisogeza kopo mezani. Akakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa utotoni kabla ya kusoma darasani.

"Maharage," akasoma. "Nyanya. Maji. Sukari. Chumvi kidogo…"

Dympna aliishika simu kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Endelea," akasema.